Jinsi ya kuipa kila rekodi namba yake ya pekee kwenye hifadhidata

Watu wawili wanabonyeza kitufe cha kuhifadhi kwa wakati mmoja. Programu inatafuta namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali, inakuta 41, inaongeza moja, inaandika 42. Imefanya hivyo mara mbili, sambamba, na mara zote mbili ilikuta 41. Sasa una oda mbili zenye namba 42, au una oda moja na mtu mmoja anayekodolea macho ujumbe wa hitilafu asiouelewa.

Karibu kila aliyejifunza SQL, lugha ya kuiamrisha hifadhidata, kwa kujaribu-jaribu amewahi kuandika kitu cha namna hii:

```
INSERT INTO oda (id, mteja_id)
SELECT MAX(id) + 1, 17 FROM oda;
```

Nami niliandika. Ikafanya kazi miezi kadhaa, kwa kuwa mtumiaji alikuwa mmoja, tena ni mimi mwenyewe. Ubaya wa kosa hili ni kwamba ukilijaribu mezani kwako halijitokezi. Linasubiri watu waongezeke.

Lina kasoro nyingine mbili. Jedwali likiwa tupu, MAX inarudisha NULL, yaani hakuna thamani, na NULL ukiijumlisha na moja unabaki na NULL. Halafu, mtu akifuta oda ya mwisho, tuseme ya 42, oda itakayofuata itapewa 42 tena. Barua pepe iliyokwisha kutumwa ikisema "oda yako namba 42" sasa inamhusu mteja mwingine kabisa. Hii ndiyo inayonitisha zaidi, maana haitoi hitilafu yoyote. Kila kitu kinaonekana salama.

Kuizungushia amri hiyo muamala, yaani kuiweka kati ya BEGIN na COMMIT ili kazi ithibitishwe yote au itanguke yote, hakusaidii. Kwa kiwango cha kawaida cha utenganisho wa miamala, muamala wako hauoni kazi ya mwenzako ambayo hajaithibitisha, kwa hiyo nyote wawili mtaendelea kukuta 41. Ungeweza kulifunga jedwali zima kabla ya kusoma, na hapo usahihi utaupata, ila utakuwa umewapanga watumiaji wote foleni kwenye mlango mmoja. Kuna njia nzuri kuliko hiyo.

Hatua ya 1: Amua namba hii ina kazi gani

Kitambulisho cha rekodi kina kazi moja: kuitenga rekodi hiyo na nyingine zote, leo na hata itakapokuwa imefutwa. Lakini watu huitwika mizigo. Mhasibu anataka namba zifuatane bila pengo. Meneja anataka akizitazama ajue oda zimefika ngapi. Mwandika programu anataka zimwambie ipi ilitangulia. Mwenye tovuti anataka mgeni asiweze kuzikisia. Namba inayotolewa na hifadhidata haikuahidi hata moja kati ya hayo manne. Iliahidi kutojirudia, basi. Matatizo mengi nitakayoyagusa hapa chini yanatoka kwa mtu aliyeidai zaidi ya ilichoahidi.

Wapo wanaouliza: kwa nini nisitumie namba ya simu au anwani ya barua pepe, nazo si za pekee? Ni za pekee hadi mtu abadilishe laini, na siku hiyo itakubidi uibadilishe kwenye kila jedwali linaloitaja. Iweke kwenye safu ya kawaida, lakini uiwekee sharti la UNIQUE, linalokataa thamani kujirudia. Hapo wengi huteleza: wakishakuwa na id inayojiongeza yenyewe hudhani wamemaliza, kumbe id mpya haimzuii mteja yule yule kuandikishwa mara tatu kwa namba tatu tofauti.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa namba

INT ya kawaida ina biti 32, na upande wa chanya inaishia 2,147,483,647. Bilioni mbili zinaonekana nyingi mpaka upige hesabu: jedwali linalopokea rekodi 100 kila sekunde linazimaliza kwa siku 248. BIGINT ina biti 64 na inafika 9,223,372,036,854,775,807. Hata ukiingiza rekodi milioni moja kila sekunde, itakuchukua zaidi ya miaka 290,000 kuimaliza. Unacholipia ni baiti nne za ziada kwa kila rekodi, na nyingine nne kila mahali namba hiyo inaporudiwa, yaani kwenye indeksi (orodha ya kutafutia rekodi haraka) na kwenye funguo za nje (safu za majedwali mengine zinazoitaja namba hiyo).

Kwa jedwali dogo lisilokua, kama la aina za bidhaa, INT inatosha. Hata SMALLINT yenye kikomo cha 32,767 inatosha. Kwa chochote kinachokua kila siku weka BIGINT bila kujadiliana na mtu. Nimewaona waliokesha wakihamisha jedwali kutoka INT kwenda BIGINT. Sijamwona aliyejutia kuanza na BIGINT.

Hatua ya 3: Iachie hifadhidata itoe namba

Kiwango cha SQL cha mwaka 2003 ndicho kilichoziweka sikwensi (vihesabio vya kutolea namba) na safu za IDENTITY (zinazojijaza namba zenyewe) kwenye vitabu rasmi. Kufikia hapo kila mfumo ulikuwa umeshajitafutia njia yake, ndiyo maana maandishi yanatofautiana hadi leo.

Kwenye PostgreSQL, kuanzia toleo la 10:

```
CREATE TABLE oda (
  id        BIGINT GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mteja_id  BIGINT NOT NULL,
  imewekwa  TIMESTAMPTZ NOT NULL DEFAULT now()
);
```

Mafunzo ya zamani yatakuambia uandike SERIAL au BIGSERIAL. Bado zinafanya kazi, ila nakushauri IDENTITY, kwa kuwa neno ALWAYS linamkatalia yeyote anayejaribu kupachika namba yake mwenyewe kwa INSERT ya kawaida. Akitaka kweli, itambidi aandike OVERRIDING SYSTEM VALUE, na mtu hawezi kuandika maneno marefu hivyo kwa bahati mbaya.

Kwenye MySQL:

```
CREATE TABLE oda (
  id        BIGINT UNSIGNED NOT NULL AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  mteja_id  BIGINT UNSIGNED NOT NULL
);
```

Hapa kuna historia inayofaa kuijua ikiwa bado unatunza seva ya zamani. Kabla ya toleo la 8.0, InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhia data, ilikiweka kihesabio cha AUTO_INCREMENT kwenye kumbukumbu ya muda tu. Seva ilipozimwa na kuwashwa, ilitafuta namba kubwa iliyobaki kwenye jedwali na kuanzia hapo. Kwa hiyo ukifuta rekodi za mwisho, kisha seva ikawashwa upya, namba zile zilitolewa tena: kosa lile lile la MAX, safari hii likifanywa na hifadhidata yenyewe. Kuanzia 8.0 kihesabio huandikwa kwenye diski.

Kwenye SQL Server andika `id BIGINT IDENTITY(1,1) PRIMARY KEY`: anza na moja, ongeza moja moja. Oracle ilikuwa na sikwensi tangu zamani, na kuanzia 12c inakubali `id NUMBER GENERATED ALWAYS AS IDENTITY`.

SQLite ina mtego wake, nao uko kwenye tahajia. Ukiandika `id INTEGER PRIMARY KEY`, safu hiyo inakuwa jina jingine la namba ya ndani ambayo SQLite huipa kila rekodi, na itajijaza yenyewe. Ukiandika `id INT PRIMARY KEY`, kwa herufi tatu tu, hupati kitu hicho. Unapata safu ya kawaida isiyojijaza, na kwa urithi wa kosa la zamani inakubali hata NULL. Tena, INTEGER PRIMARY KEY peke yake huchukua namba kubwa iliyopo na kuongeza moja, kwa hiyo ukifuta ya mwisho itatolewa tena. Ukitaka namba isirudi kamwe, ongeza neno AUTOINCREMENT. Hapo SQLite huweka kumbukumbu ya namba ya juu kabisa iliyowahi kutolewa kwenye jedwali liitwalo sqlite_sequence.

Hatua ya 4: Ichukue namba iliyotolewa

Umeingiza oda, sasa unahitaji id yake ili uingize bidhaa zake. Usiende kuuliza `SELECT MAX(id)`. Umeshatoka huko.

```
-- PostgreSQL
INSERT INTO oda (mteja_id) VALUES (17) RETURNING id;

-- MySQL
INSERT INTO oda (mteja_id) VALUES (17);
SELECT LAST_INSERT_ID();

-- SQL Server
INSERT INTO oda (mteja_id) OUTPUT inserted.id VALUES (17);
```

LAST_INSERT_ID hutunzwa kwa kila muunganisho peke yake, kwa hiyo mwenzako akiingiza oda katikati ya amri zako mbili haikuathiri. Ila ukiingiza rekodi kumi kwa amri moja, inakurudishia namba ya kwanza, si ya mwisho. Kwenye SQL Server jihadhari na @@IDENTITY: kama jedwali lina triga (amri inayojiendesha yenyewe rekodi inapoingizwa au kubadilishwa) inayoandika kwenye jedwali jingine lenye IDENTITY, utaletewa namba ya jedwali hilo jingine. Hapo tumia SCOPE_IDENTITY(), kwa kuwa OUTPUT isiyo na INTO, kama nilivyoionyesha, hukataliwa kwenye jedwali lenye triga.

Hatua ya 5: Yazoee mapengo

Siku moja utapigiwa simu: "Oda zinatoka 1,204 zinarukia 1,206. Nani amefuta ile ya 1,205?" Hakuna aliyefuta.

Kihesabio cha hifadhidata kinaishi nje ya miamala. Anayeomba namba anapewa papo hapo, kihesabio kinasogea, na anayefuata hasubiri kujua kama wa kwanza amefaulu. Muamala wa kwanza ukitanguka, namba yake imekwenda. Ili kuirudisha, hifadhidata ingelazimika kumzuia kila mtu hadi wa kwanza athibitishe au atangue, na hapo tungerudi kwenye ile foleni tuliyoikimbia. Kwa hiyo mapengo ndiyo bei tuliyokubali kulipa ili watu mia waingize rekodi kwa pamoja bila kupigana vikumbo.

Mapengo hutoka pengine pia. Oracle huchota namba 20 kwa mkupuo kama hukuiambia vinginevyo, na ikianguka ghafla zile ambazo hazijatumika hupotea. PostgreSQL ikianguka inaweza kuruka hadi namba 32. SQL Server kuanzia 2012 huruka zaidi: baada ya kuzimika vibaya, safu ya INT inaweza kurukia 1,000 mbele na ya BIGINT 10,000, na wengi walipoiona mara ya kwanza walidhani wameingiliwa. Halafu kuna ulaji wa kimyakimya: `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING` ya PostgreSQL, au INSERT IGNORE ya MySQL, huchukua namba kwanza na kugundua mgongano baadaye. Programu inayojaribu kuingiza vitu vile vile kila dakika inaweza kuufikisha mwisho wa INT kwenye jedwali lenye rekodi laki mbili tu.

Lakini kuna namba ambazo kweli hazitakiwi kuwa na pengo. Namba za ankara ni mfano wa kawaida. Sheria za kodi za nchi nyingi zinataka zifuatane. Hizo zitenganishe na id. Ankara iwe na id yake ya kawaida, kisha iwe na safu ya pili ya namba, inayotoka kwenye jedwali dogo la vihesabio:

```
CREATE TABLE kihesabio (
  jina       VARCHAR(30) PRIMARY KEY,
  ya_mwisho  BIGINT NOT NULL
);

BEGIN;
UPDATE kihesabio SET ya_mwisho = ya_mwisho + 1
 WHERE jina = 'ankara'
RETURNING ya_mwisho;
-- tuseme imerudisha 318
INSERT INTO ankara (namba, oda_id) VALUES (318, 1206);
COMMIT;
```

UPDATE inaifunga rekodi ile ya kihesabio hadi muamala uishe. Wa pili anasubiri. Wa kwanza akitangua, kihesabio kinarudi na wa pili anapata ile ile 318. Hapa foleni umeitaka mwenyewe, kwa hiyo ifanye iwe fupi: chukua namba mwishoni mwa kazi, baada ya hesabu zote kukamilika, na usithubutu kutuma barua pepe au kupiga simu kwa seva nyingine ukiwa umeishikilia. MySQL haina RETURNING kwenye UPDATE; huko andika `SET ya_mwisho = LAST_INSERT_ID(ya_mwisho + 1)`, kisha isome kwa SELECT LAST_INSERT_ID(). Na safu ya namba kwenye ankara iwekee UNIQUE, ili siku mtu akikiuka utaratibu hifadhidata ipige kelele.

Hatua ya 6: Usiitumie namba kama saa

Hili lilinigharimu. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kuhamishia oda mpya kwenye mfumo wa ripoti. Kila dakika ilikumbuka namba ya mwisho iliyoiona na kuuliza: nipe zote zilizo kubwa kuliko hii. Safi, rahisi, na kila nilipoipima ilikuwa sahihi. Baada ya muda ikagundulika ripoti ina oda chache kuliko jedwali. Moja hapa, mbili pale, bila mpangilio wowote.

Ilikuwa hivi. Muamala wa kwanza ulichukua namba 100 na ukawa bado unashughulika. Muamala wa pili ukachukua 101, ukamaliza haraka, ukathibitishwa. Programu yangu ikapita, ikaona 101, ikaandika kwenye daftari lake "nimefika 101". Sekunde moja baadaye muamala wa kwanza ukathibitishwa, na oda 100 ikajitokeza nyuma ya mgongo wa programu. Mzunguko uliofuata uliuliza zilizo kubwa kuliko 101. Oda 100 haikuonekana tena.

Namba hutolewa kwa mfuatano, lakini rekodi huonekana kwa mfuatano wa kuthibitishwa, na mifuatano hiyo miwili hailingani. Ukiwa na sikwensi inayochota namba kwa mkupuo tofauti inakuwa kubwa zaidi: kwenye PostgreSQL, ukiweka CACHE 50 kila muunganisho unakaa na fungu lake, kwa hiyo oda ya asubuhi inaweza kuwa 51 na ya jioni 7.

Wala usidhani safu ya muda itakuokoa. `now()` ya PostgreSQL inarudisha muda muamala ulipoanza, kwa hiyo muamala uliochelewa utaandika muda wa nyuma na kukupita vile vile. Nilichofanya ni kuongeza safu ya alama:

```
ALTER TABLE oda ADD COLUMN imehamishwa BOOLEAN NOT NULL DEFAULT FALSE;

UPDATE oda SET imehamishwa = TRUE
 WHERE imehamishwa = FALSE
RETURNING id, mteja_id;
```

Rekodi ikichelewa kuonekana haidhuru. Itachukuliwa mzunguko ujao, kwa kuwa hakuna anayeangalia namba yake. Amri hiyo ikae kwenye muamala mmoja na kazi ya kuhamisha, ithibitishwe baada ya mfumo wa ripoti kupokea. Oda zikiwa nyingi, tengeneza indeksi inayoshika zile zenye FALSE tu, ambayo itabaki ndogo daima.

Hatua ya 7: Ukiingiza data ya zamani, kisogeze kihesabio

Umepakia rekodi 50,000 za mfumo wa zamani pamoja na namba zake. Kila kitu kimeingia. Kesho yake asubuhi oda ya kwanza inakataliwa: ufunguo umejirudia. Kihesabio hakikujua kuhusu wageni 50,000. Kwake yeye namba inayofuata bado ni 1.

Hii ni hasa ya PostgreSQL, na ALWAYS haikulindi hapa, kwa sababu COPY, amri ya kupakia data kutoka kwenye faili, hukubali namba zilizo kwenye faili bila kujali sharti hilo. Dawa:

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('oda', 'id'),
              (SELECT MAX(id) FROM oda));
```

Ndiyo, MAX imerudi. Hapa inaruhusiwa, mradi hakuna mtu mwingine anayeandika wakati huo. MySQL husogeza kihesabio yenyewe ikiona umeingiza namba kubwa kuliko kilipofika, na SQL Server hali kadhalika.

Hatua ya 8: Fikiria kabla ya kuianika nje

Kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Washirika walikadiria idadi ya vifaru vilivyotengenezwa na Ujerumani kwa kusoma namba za mfululizo kwenye vifaru vilivyotekwa. Hesabu yenyewe ni fupi: chukua namba kubwa uliyoiona, igawe kwa idadi ya ulivyoviona, jumlisha na hiyo kubwa, toa moja. Umeona vifaru vinne na kikubwa ni namba 60: 60 kuongeza 15 kutoa 1, makadirio ni 74. Baada ya vita, kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zilionyesha kwamba makadirio ya aina hii yalikuwa karibu mno na ukweli.

Mshindani wako hahitaji hata hesabu hiyo. Anaweka oda moja tarehe mosi na nyingine tarehe 30, anatoa namba moja kwenye nyingine, na biashara yako ya mwezi anaijua.

Hatari kubwa zaidi ni mtu kubadilisha 1206 kuwa 1207 kwenye anwani ya ukurasa na kuona oda ya jirani. Dawa ya hilo ni kuangalia kila mara kama aliyeingia anaruhusiwa kuiona oda hiyo. Namba isiyokisika ni pazia tu. Mlango ni ruhusa. Ukishaufunga mlango, ongeza pazia: safu ya pili yenye msimbo wa kubahatisha, mrefu, wenye UNIQUE, nao ndio utakaoonekana nje. Id ibaki ndani kuunganisha majedwali.

Na kama unafikiria kuifanya id yenyewe iwe ya kubahatisha, kumbuka hesabu ya migongano. Kwa namba za biti 32 zilizochaguliwa bila mpango, nafasi ya mbili kufanana inafika nusu ukiwa na rekodi kama 77,000 tu, ingawa nafasi zilizopo ni zaidi ya bilioni nne. Tena namba za aina hiyo huingia katikati ya indeksi badala ya mwishoni, na jedwali kubwa hulemewa na uandishi.

Hatua ya 9: Seva zikiwa zaidi ya moja

Kama una seva moja inayoandika, ruka hatua hii. Wengi wanaoihangaikia hawaihitaji.

Seva mbili zinazoandika zote zinaweza kugawana witiri na shufwa. Kwenye MySQL, weka auto_increment_increment iwe 2 kwa zote, na auto_increment_offset iwe 1 kwa moja na 2 kwa nyingine. Flickr waliwahi kueleza mwaka 2010 jinsi walivyokuwa na seva mbili zisizo na kazi nyingine ila kutoa namba, moja za witiri na nyingine za shufwa, ili moja ikifa nyingine iendelee. Ukitegemea kuongeza seva, weka auto_increment_increment iwe 10 badala ya 2 tangu mwanzo; kubadilisha baadaye ni karaha.

Njia ya pili ni kugawa mafungu. Programu inaiomba hifadhidata fungu la namba 50, inazitumia yenyewe bila kurudi kuuliza, zikiisha inaomba fungu jingine. Hibernate, maktaba ya Java ya kuunganisha programu na hifadhidata, hufanya hivi, na 50 ndiyo kawaida yake. Angalia tu kwamba sikwensi kwenye hifadhidata nayo inaongezeka kwa 50; ikiwa inaongezeka kwa moja huku programu inadhani imepewa hamsini, namba zitagongana au zitatoka za ajabu.

Njia ya tatu ilianzishwa na Twitter mwaka huo huo wa 2010 kwa jina Snowflake. Namba moja ya biti 64 inagawanywa: biti 41 za muda kwa milisekunde, biti 10 za kuitambua mashine, biti 12 za kihesabio ndani ya milisekunde hiyo. Mashine 1,024, kila moja ikitoa hadi namba 4,096 kwa milisekunde, kwa miaka kama 69, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Udhaifu wake ni saa. Saa ya mashine ikirudishwa nyuma, namba zinaweza kujirudia, kwa hiyo programu lazima igundue hilo na ikatae kutoa namba hadi saa ifike tena ilipokuwa. Tena namba hizi zinaizidi JavaScript, ambayo haishiki kwa usahihi namba kamili zilizo zaidi ya 9,007,199,254,740,991. Tarakimu za mwisho hubadilika bila onyo. Twitter wenyewe ilibidi waongeze namba hiyo hiyo kwa umbo la maandishi kwenye JSON yao, yaani data wanayoipa programu nyingine. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 10: Kama tayari uko kwenye INT

Pima kwanza umebakiwa na nini. Kwenye PostgreSQL:

```
SELECT sequencename, last_value, max_value FROM pg_sequences;
```

Ukiwa umevuka nusu, anza sasa. `ALTER TABLE oda ALTER COLUMN id TYPE BIGINT` ni mstari mmoja, lakini PostgreSQL italiandika jedwali zima upya huku imelifunga, na kwa jedwali kubwa hiyo ni saa nyingi za ukimya. Njia ya polepole: ongeza safu mpya ya BIGINT, weka triga inayonakili id kwenye safu hiyo kwa kila rekodi mpya, jaza za zamani kwa mafungu ya elfu kadhaa, tengeneza indeksi kwa CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY, kisha kwa muamala mmoja mfupi badilisha majina. Usisahau vitu viwili vinavyosahaulika kila mara: safu za majedwali mengine zinazoitaja id hiyo, nazo ni INT, na sikwensi yenyewe. SERIAL iliyoundwa kuanzia toleo la 10 hutengeneza sikwensi ya biti 32, nayo itagoma pale pale kwenye 2,147,483,647 hata kama safu imeshakuwa BIGINT. `ALTER SEQUENCE oda_id_seq AS bigint` inaondoa hilo.

Na kama umesoma mstari huu ukiwa umeshachelewa, oda zinakataliwa na simu inalia, kumbuka INT ina upande wa hasi ambao hukuwahi kuugusa:

```
ALTER SEQUENCE oda_id_seq
  MINVALUE -2147483648 RESTART WITH -2147483648;
```

Umepata bilioni mbili nyingine kwa sekunde moja. Kabla ya kuipiga, tafuta kwenye programu yako kila mahali palipoandikwa kwamba id lazima iwe kubwa kuliko sifuri, na kila orodha inayopangwa kwa id, kwa kuwa oda mpya zitatokea chini kabisa. Kisha rudi kwenye kazi ya BIGINT.